Sambusa ya Ndengu na Hesabu ya Protini

Wakazi wengi wa Nairobi wanaotaka kupunguza nyama huanza kwa kutafuta kitu kinachofanana nayo, na ndiyo sababu fenesi bichi limepata sifa kubwa, kwa kuwa likichemshwa huchambuka nyuzinyuzi kama nyama iliyoiva sana. Hata hivyo, gramu 100 za fenesi hilo hazifiki gramu 3 za protini, ilhali ndengu zilizochemshwa zina takriban gramu 7. Anayepewa fenesi badala ya nyama hufurahishwa mdomo tu.

Mimi nimechagua kushughulika na sambusa, ambayo utamu wake, kwa maoni yangu, hutokana zaidi na kitunguu, dania, bizari nyembamba na pilipili kuliko nyama yenyewe. (Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, nimeiacha ilivyo, sioni cha kuweka mahali pake.) Ndengu hununua katika maduka ya nafaka ya Nyamakima, nikaziloweka usiku kucha, kisha nikazichemsha na kuziepua zikiwa bado ngumu kidogo. Nusu huziponda na nusu huziacha nzima, kwa sababu zikipondwa zote mlaji hukosa cha kutafuna. Uyoga huukatakata vipande vidogo na kuukaanga bila mafuta mpaka maji yake yakauke na uwe wa kahawia, kwani ndio unaoleta ile ladha nzito ambayo wengi huidhania kuwa ya nyama pekee. Mwishoni huongeza njugu karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo, ambazo huleta mafuta ambayo ndengu zinayo kidogo sana. Mchanganyiko huo lazima upoe na ukauke kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo manda hulowa na sambusa hupasuka ndani ya karai.

Nyama ya soya, ambayo hutengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ina protini nyingi zaidi, karibu nusu ya uzito wake ikiwa kavu. Naitumia kwenye mchuzi baada ya kuiloweka na kuikamua vizuri ili harufu yake ipungue, lakini ndani ya sambusa hunyonya viungo vyote na kubaki chapwa.

Protini, hata hivyo, si hesabu yote. Vitamini B12 haimo katika ndengu wala soya, kwa hiyo aliyeacha nyama, maziwa na mayai kwa pamoja anahitaji vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo au vidonge vyake. Madini ya chuma yaliyomo katika kunde na ndengu nayo hufyonzwa kwa shida, ingawa vitamini C huyasaidia, na hivyo ndimu inayokamuliwa juu ya sambusa ina kazi zaidi ya kuongeza ladha. Chai huzuia ufyonzaji huo, nami najua kwamba kumwambia mtu wa Nairobi ale sambusa sasa na chai aisubiri kwa saa moja ni kumtafuta ugomvi.