Nilivyoacha Kusema "Chakula Kilikuwa Kitamu"

Kwa miaka mingi ndugu na wenzangu kazini wamekuwa wakiniuliza mahali pazuri pa kula, kwa kuwa wanajua kwamba napenda kula nje, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja tu: "Nendeni pale, chakula chao ni kitamu." Niliamini kwamba nimejibu. Kisha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye hamung'unyi maneno, alimpeleka mama mkwe katika mgahawa niliokuwa nimeusifu, akanipigia simu usiku uleule. "Shemeji, ulisema ni kitamu, na kweli ni kitamu. Lakini hukuniambia kwamba tungengoja chakula saa nzima, wala hukuniambia kwamba muziki wao ni wa kelele kiasi kwamba mama hakusikia hata neno moja tulilomwambia." Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimempa sifa isiyobeba habari yoyote, kama mtu anayeulizwa njia akajibu kwamba huko mbele ni kuzuri.

Nikanunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kwa miaka minne sasa nimeandika ndani yake karibu kila mlo niliokula nje, kuanzia vibanda ambako mtu hula akiwa amesimama hadi migahawa ambayo meza yake huwekewa nafasi wiki kadhaa kabla. Kanuni ya kwanza niliyojiwekea ni kuandika kabla sijalala. Niligundua kwamba kukipambazuka siukumbuki mlo wenyewe, bali nakumbuka hisia niliyoondoka nayo, na hisia hiyo hutegemea mno jinsi bili ilivyoletwa na kama mvua ilitunyeshea tukirudi. Kwa hiyo naandika saa niliyoagiza na saa chakula kilipofika mezani, kama kilikuwa cha moto au vuguvugu, na kilichobaki kwenye sahani nilipomaliza. Hilo la mwisho ndilo shahidi mkweli kuliko yote, kwa maana mara kadhaa nimejikuta nikisifu chakula ambacho nusu yake nilikiacha.

Kuliacha neno "kitamu" kulikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ulimi huonja haraka lakini maneno huchelewa. Kilichonisaidia ni kujifunza kidogo mambo yanayotokea jikoni. Chukua viazi vya kukaanga, chakula ambacho kila mtu anadhani anakijua. Vikikaangwa mara mbili, mara ya kwanza kwa moto wa wastani ili viive ndani na mara ya pili kwa moto mkali ili vikauke nje, huwa na gamba jembamba linalovunjika kwa sauti unapoling'ata. Lakini mvuke ulio ndani yake hautulii. Hutoka taratibu na kulilainisha gamba hilo, na baada ya dakika chache tu viazi hivyohivyo vinalegea kama kitambaa kilicholowa. Siku hizi nikiletewa viazi vilivyolegea siandiki kwamba ni vibaya. Naandika kwamba vilikaangwa vizuri lakini vikangojeshwa kaunta, nami nilikuwa nimekaa pembeni ya kaunta hiyo nikivitazama kwa macho yangu.

Nyama nayo ina siri ya aina hiyo. Harufu na rangi ya kahawia tunayoipenda kwenye nyama iliyochomwa, kama ilivyo kwenye gamba la mkate, inatokana na mmenyuko wa sukari na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambao mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mmenyuko huo huenda kasi joto linapofika takriban nyuzi 140 za Selsiasi, ilhali nyama yenye maji juu yake haiwezi kupita sana nyuzi 100 mpaka maji hayo yaishe. Nikiletewa kipande cha kijivu kinachoogelea kwenye maji yake, ninajua kwamba huenda kikaango kilijazwa nyama nyingi kwa mkupuo mmoja, au nyama iliwekwa kabla ya kukaushwa. Kwa msomaji wa maoni yangu, taarifa hiyo ina uzito kuliko kusema kwamba mpishi hajui kazi, tena haimtukani mtu.

Hata hivyo nilikosea vibaya mara moja, na kosa hilo ndilo lililonifundisha zaidi. Tulikwenda na mke wangu katika mgahawa mdogo uliofunguliwa karibuni, nikaagiza supu ya mboga, nikaionja, nikaongeza chumvi, nikaonja tena, kisha nikaandika usiku ule kwamba supu yao ni maji ya moto yaliyotiwa rangi. Maneno hayo niliwatumia watu kadhaa, nikijiona mjanja wa lugha. Mke wangu alikuwa amekunywa bakuli lake lote. Aliposoma niliyoyaandika aliniuliza swali moja tu: "Na hayo mafua yako yamepona?" Nilikuwa na mafua siku ya nne. Ulimi hutambua ladha tano za msingi: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ya tano inayoitwa umami, ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, ambayo mwanasayansi Mjapani Kikunae Ikeda aliibainisha mwaka 1908. Mengi ya mengine tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya kinywa wakati tunapotafuna na kumeza, kwa hiyo pua ikiziba, supu yenye mboga sita hubaki chumvi na joto tu. Baada ya siku kumi nilirudi nikiwa mzima, nikaagiza supu ileile, nikakuta kitunguu kilichokaangwa polepole, karoti, na majani mabichi yaliyotiwa mwishoni. Niliwaandikia wote niliowatumia maoni ya kwanza na kuwaeleza kwamba mgonjwa alikuwa mimi. Baadhi yao walicheka, na sidhani kama wote waliamini marekebisho hayo, kwa sababu kejeli husambaa haraka kuliko ukweli wa baadaye.

Tangu siku hiyo sitoi maoni makali kwa kutembelea mahali mara moja. Utaratibu huu si wangu. Craig Claiborne, aliyekuwa mhariri wa chakula wa gazeti la New York Times kuanzia mwaka 1957, ndiye aliyesaidia kuujenga katika uandishi wa magazeti: mwandishi hula bila kujitambulisha, gazeti hulipa bili, na mgahawa hutembelewa zaidi ya mara moja. Kwa nini asijitambulishe, lilionekana wazi mwaka 1993, mwandishi wa gazeti hilohilo, Ruth Reichl, alipoeleza jinsi alivyopokewa katika mgahawa mmoja maarufu wa New York. Alipokwenda amejibadilisha sura hakuna aliyemjali. Alipotambuliwa, alitendewa kama malkia. Mimi si mtu maarufu wa kuvaa wigi, lakini niliwahi kuletewa kitindamlo cha bure na mpishi aliyesikia kwamba huwa naandika. Nilikila, nikashukuru, na katika maoni yangu nikasema kwamba sikukilipia.

Mlo wa kifahari ulinipa shida ya namna nyingine. Mara ya kwanza nilialikwa na rafiki aliyekuwa akisherehekea kupandishwa cheo, tukaketi kwa saa tatu na nusu kula mlo wa awamu tisa. Awamu ya tatu ilikuwa kipande cha samaki kisichozidi upana wa vidole viwili, kimelazwa katikati ya sahani ambayo ingetosha kulisha watu wanne. Ngozi yake ilikuwa imekauka ikawa kama karatasi nyembamba, na nyama chini yake ilikuwa inaachana yenyewe, ikiwa bado na unyevu. Mhudumu alisimama na birika dogo la mchuzi, lakini kabla ya kummiminia yeyote alianza kueleza asili ya kila kilichokuwemo, hata chumvi, kwa ufasaha mkubwa na kwa muda uliotosha mchuzi kuota utando juu. Nilitaka kuandika kwamba chakula kilikuwa kidogo, kwa kuwa ndivyo kila mtu husema. Lakini niliondoka nimeshiba, kwa hiyo lalamiko hilo lisingekuwa la kweli. Lalamiko la kweli lilikuwa kwamba maelezo yalipoza mchuzi.

Baadaye nilielewa kwa nini kosa hilo ni zito zaidi katika mgahawa wa aina ile. Zamani, karamu za wakubwa wa Ufaransa ziliandaliwa kwa kuweka vyakula vingi mezani kwa wakati mmoja. Katika karne ya 19 ndipo ulipoenea mtindo ulioitwa wa Kirusi, wa kuleta chakula kimoja baada ya kingine, na faida yake kubwa ni kwamba kila sahani hufika ikiwa ya moto. Auguste Escoffier, mpishi Mfaransa aliyefariki mwaka 1935, alilipanga jiko kwa vituo, huyu wa michuzi, yule wa samaki, mwingine wa nyama, ili sahani za meza moja zikamilike kwa pamoja. Mgahawa unaofuata utaratibu huo wote kisha ukaacha chakula kipoe mbele ya mlaji umevunja ahadi yake wenyewe.

Neno hilo, ahadi, ndilo ninalopimia sasa. Kibanda kinaahidi chakula cha moto, cha haraka na cha kushibisha. Meza ikiyumba siandiki, na kiti kikiwa cha plastiki siandiki. Ila kuku akiwa vuguvugu ndani ya kabati la kioo naandika bila huruma, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapoliwa, na hapo hatuzungumzii tena ladha bali tumbo la mtu. Usafi siupimi kwa hadhi ya mahali. Hata wale wanaohesabiwa kuwa wakali kuliko wote wanakubali kwamba sahani ndiyo inayopimwa: mwongozo wa migahawa wa Michelin, ulioanza mwaka 1900 kama kitabu cha bure kwa wenye magari na kuanza kutoa nyota mwaka 1926, uliwapa nyota wauzaji wawili wa vibanda vya chakula nchini Singapore mwaka 2016. Nilipojua hivyo niliacha kabisa ile tabia ya kuandika "kwa kibanda si mbaya," maneno ambayo yanaonekana ya sifa lakini yana dharau ndani yake.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu hatulifanyi: kusema palepale mezani. Nimewaona watu wakila chakula kibaya kimya kimya, wakimjibu mhudumu kwamba kila kitu ni sawa, kisha wakifika nyumbani wanaandika maneno ya kuua. Mwaka jana niliagiza nyama iliyoiva sawasawa nikaletewa yenye damu katikati. Nilimwita mhudumu, nikamwambia, "Samahani dada, nyama hii bado haijaiva." Aliiangalia, akaomba radhi, akaichukua, na baada ya dakika kumi na mbili nililetewa kipande kipya, wala si kile cha kwanza kilichorudishwa motoni. Nikaandika yote mawili, kosa na namna lilivyorekebishwa, na kwa kweli la pili ndilo lililonifanya nirudi tena. Vilevile najitahidi kutomtwisha mhudumu mzigo usio wake. Nikikuta mtu mmoja anahudumia meza kumi na mbili, naandika kwamba wahudumu ni wachache, kwa kuwa yule kijana anayekimbia na sinia siye aliyepanga zamu.

Kelele nazo zimepata nafasi yake daftarini, kwa heshima ya mama mkwe. Majaribio yameonyesha kwamba kelele kubwa hupunguza uwezo wa mtu kuhisi utamu na chumvi katika chakula, na kwa hiyo anayelalamikia muziki huenda analalamikia pia chakula chenyewe. Najiuliza swali rahisi: je, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza alinisikia bila mimi kuinama?

Mwezi uliopita shemeji aliniuliza tena mahali pa kumpeleka mama siku yake ya kuzaliwa. Safari hii nilifungua daftari. Nilimwambia aende siku ya katikati ya juma, kabla ya saa moja usiku, aombe meza ya kona iliyo mbali na mlango wa jikoni. Aagize samaki wa kuokwa lakini asiagize wali unaoambatana naye, kwa sababu mara zote mbili niliukuta mkavu. Ajiandae kungoja kama dakika thelathini. Na keki yao aiache kwa kuwa ina sukari nyingi isiyo na lingine nyuma yake. Walikwenda. Simu yake ilikuja usiku uleule, kama kawaida yake. Samaki alikuwa vile nilivyosema, dakika zilikuwa thelathini na tano, na mama alisikia kila neno. "Lakini keki tuliiagiza hata hivyo, Shemeji, na mama amekula vipande viwili. Hapo ulikosea." Nimeandika tarehe hiyo pembeni ya maelezo yangu ya zamani, na chini yake: keki, kuonja upya.