Nyawawa wa Kirinyaga Road

Kama umekulia upande wa Ziwa Victoria nyawawa unawajua, wale pepo wa ziwani. Upepo unavuma usiku, unaskia ni kama watu wanapita wakiongea na nje hakuna mtu, halafu boma zote zinatoka na sufuria, jerikeni, wengine wanagonga mlango wa mabati. Dani yangu, yaani nyanya, alikuwa na karai yake ya kazi hiyo tu. Na ujue hauwamalizi, unawasukuma waende kwa jirani, naye jirani anagonga, hivyo hivyo mpaka warudi ziwani.

Sasa mimi hufungua duka la spea hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Asubuhi moja nimefika mapema, soja anagonga mlango wa chuma na rungu ndio wale hulala kwa veranda waamke. Wakatoka na magunia yao, wakavuka barabara, na hata dakika mbili hazijaisha naskia ng'ambo soja mwingine ameanza kugonga. Nikabaki hapo na funguo mkononi. Hiyo kelele naijua!

Ndo nikaanza kuchora, makaa juu ya katoni za spea. Watu wa magunia wakielea juu ya mabati, hawana miguu, na huku chini mji mzima umeshika sufuria. Kwenye sensa ya familia za mtaani ya 2018 Nairobi peke yake walihesabiwa 15,337, kwa hivyo nikajaza anga yote. Nikajiona msanii kweli.

Nikamwonyesha mzee mmoja wa hapo veranda. Akaiangalia weee.

"Huyu ni mimi?"

"Ndio, mzee."

"Na viatu zangu ziko wapi?"

Nikamweleza mambo ya nyawawa, hawakanyagi chini. Akacheka, lakini si ile kicheko ya kufurahi.

"Madam, hii Nairobi mimi naikanyaga kuliko wewe. Wewe si unapandanga matatu? Kama unataka pepo chora ile lori hukuja kutubeba usiku."

Sikuwa na jibu. Kusema ukweli picha ilikuwa imetoka poa, na bado naipenda, hiyo ndio inaniuma.

Nimeanza ingine na nimeanzia miguu. Kiatu cha kushoto kimeshonwa na waya ya umeme, ya bluu. Cha kulia ni gamboti imekatwa hapo kwa kifundo, na amesema nisithubutu kuichora ikiwa na matope, huwa anaiosha.