Picha ya Kuagizwa Huanzia Ukutani

Mtu anaponiagiza nimchoree picha, jambo la kwanza ninaloliomba si fotografia wala arubuni, bali ruhusa ya kufika nyumbani kwake niuone ukuta ambao picha itatundikwa. Wapo wanaoliona ombi hilo kuwa ni usumbufu, hasa wale wanaotaka kila kitu kimalizikie kwenye simu, lakini sijaliacha, kwani picha iliyochorwa bila kuujua mwanga wa chumba ni kama kanzu iliyoshonwa bila kipimo. Hapa Mombasa, sebule ya Nyali inayoelekea baharini hupata mwanga mkali wa asubuhi unaozififisha rangi nyepesi, ilhali katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, zenye kuta nene za matumbawe na chokaa, mwanga huingia kutoka kichochoroni baada ya kugonga ukuta wa jirani, nami hulazimika kuving'arisha vivuli kidogo ili uso usipotee. Kuta hizo hunyonya unyevu pia, kwa hiyo nyuma ya fremu hugongomea vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite.

Fotografia huja baadaye, nayo huitazama kwa shaka, maana uso uliopigwa na simu kwa karibu hukuzwa pua na masikio yakarudishwa nyuma. Hivi karibuni dada mmoja alinijia na picha moja tu ya marehemu bibi yake, ile ndogo ya kitambulisho, akitaka achorwe ameketi barazani amejitanda leso, yaani kanga. Nilimwomba anikutanishe na wazee wa nyumbani, nikawauliza marehemu alikaa vipi, na mikono aliiweka wapi alipokuwa akiwasikiliza watu.

"Mwanangu, yule hakukaa mikono mitupu," akasema mama mdogo wa yule dada. "Kama si ukili, ni tasbihi."

Kauli hiyo ilinifaa kuliko fotografia yenyewe, kwa sababu mikono inayosuka ukili wa mkeka huyainamisha mabega na kuyashusha macho, na hapo mtu huanza kufanana na nafsi yake. Wote waliikumbuka leso nyekundu yenye pindo jeusi, lakini kuhusu jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kila mmoja alikuwa na lake. Sichori maneno ya kubahatisha kwenye leso ya marehemu, kwa hiyo niliikunja kwa namna iliyouzamisha mstari wa jina ndani ya mikunjo, pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, vikabaki kuonekana.

Nyuso huzichora kwa rangi za mafuta. Rangi za akriliki, zinazochanganywa na maji, hukauka maji yake yakishatoweka, na katika joto letu hilo hutokea kabla sijauunganisha mwanga wa shavu na kivuli chake. Mafuta ya kitani yaliyomo katika rangi za mafuta hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, polepole, ndiyo maana tabaka za chini huwa na mafuta machache kuliko za juu, la sivyo rangi hupasuka. Vivuli vya ngozi nyeusi huvipata kwa kuchanganya hudhurungi na buluu. Rangi nyeusi tupu huufisha uso.

Mteja huuona mchoro wa penseli kwanza, na hapo hubadilisha atakacho bila malipo. Akishaukubali, hulipa nusu ya bei na tukaandikiana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humhamishia aliyeagiza kazi hakimiliki yake, isipokuwa makubaliano yaseme vinginevyo, jambo ambalo baadhi ya wachoraji hulijua siku wanapoiona kazi yao kwenye kalenda ya mtu. Katika karatasi yangu picha ni ya mteja na haki ya kuichapisha hubaki kwangu, ingawa sura ya marehemu wa watu siifanyi tangazo bila idhini ya wenyewe. Vanishi ya mwisho huja kuipaka miezi sita au zaidi baada ya kukabidhi, rangi ikishakauka hadi ndani, na nauli ya safari hiyo huwa nimeihesabu kwenye bei tangu mwanzo.