Kidonda cha ugokoni, supu ya kongoro na simbilisi wangu

Banzi la mpaini liliruka kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, likanichana ugoko. Ilikuwa Juni, kambini Mufindi, baridi ya kutetemesha meno. Zahanati wakaosha, wakafunga, wakapima na sukari, iko sawa. Wiki ya tano kidonda bado. Kinajifunika kwa kingozi chembamba kama ganda la kitunguu, nikibeba mbao mbili kinapasuka. Mswaki nao ukawa unatoka mwekundu. Nikalaumu mswaki.

Kambi nzima ikageuka madaktari. "Mkuu, hiyo ni kolajeni imepungua, ile protini inayoshikilia ngozi, piga kongoro!" Basi nikapiga. Nachemsha kwato tangu saa mbili usiku, moto wa mabanzi ni wa bure, nalala natoka jasho la supu. Asubuhi naikuta imeganda, naipindua sufuria haidondoki hata tone. Nilijivuna mno, nikaita watu waje kuona. Na kweli, ile iliyoganda ni kolajeni ya ng'ombe. Ila tumbo haliichukui likaibandika ugokoni. Linaivunja vipandevipande kama nyama nyingine yoyote. Nilinenepa shavu, kidonda kikanitazama tu. Kuna na jamaa aliniuzia kopo la unga wa kolajeni, elfu themanini na ushee. Hilo tuliache.

Walionitoa gizani ni simbilisi. Nilikuwa nao kumi na kitu nyuma ya kibanda, na kiangazi kile majani yalikauka nikawalisha pumba tupu. Wakaanza kuburuta miguu ya nyuma, viungo vimevimba, wawili wakafa. Nikamwita afisa mifugo.

"Kamwene. Hawa unawalisha nini?"

"Pumba, mzee."

Akanitazama mdomoni, fizi zimevimba. "Na wewe unakula nini?"

Ugali, maharage, dagaa, chai, kongoro. Mboga ni zile za kukausha juani, tena mpishi wetu anazitia magadi ziive upesi. Mzee akacheka mpaka akakaa kwenye gogo. Mbuzi, akasema, anajitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, na binadamu hawezi. Jua, moto na magadi vinaiua.

Baadaye nikasoma kwamba huko Norwe, mwaka 1907, Holst na Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu, nao wakapata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Wangeniuliza mimi.

Kolajeni ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, kama kamba ya katani tunayofungia magogo. Ili msokoto ushike, kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama fundi mwilini, chenye chuma ndani yake, kinapachika vishikizo kwenye nyuzi. Kile chuma kinachakaa, na vitamini C ndiyo inayokirudisha kazini. Ikikosekana, nyuzi zipo tele lakini zinafumuka, ndiyo maana kingozi changu kilikuwa kinapasuka. Mimi nilikuwa naleta katani kwa lori wakati msokotaji hayupo.

Mara ya kwanza nikakosea tena: malimau nikayachemsha na tangawizi, nikatia kwenye chupa ya chai, nikawa nakunywa kutwa nzima. Ladha nzuri, faida sidhani. Ndipo nikahamia kwenye kachumbari: kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama nywele, hoho, nyanya, limau la kukamua pale pale mezani. Machungwa ya sokoni Mafinga mawili kwa siku, sikumbuki hata bei, ni hela ya vocha. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 tu kwa siku, kwa hiyo usijazwe vidonge vya miligramu elfu elfu. Mwili ukishatosheka, nyingi inaishia chooni.

Fizi zilitulia ndani ya wiki moja na kidogo. Kidonda kilichukua karibu mwezi, lakini safari hii kilifunga kuanzia chini, ngozi ngumu, nikabeba mbao nne makusudi mbele ya madaktari wangu wote. Simbilisi wanakula maganda ya kabichi, wamefika ishirini. Lile kopo la elfu themanini nimetia misumari.