Niabudu Wapi? Tafakari kwa Anayechagua Dhehebu

Masomo ya juma: 1 Wakorintho 1:10–17, Matendo ya Mitume 17:10–12

Wapendwa katika Bwana, vyuo vinapofunguliwa na ajira mpya zinapotoka, swali hili hurudi: nimehamia mjini, kanisa nililolelewa liko mbali, na mtaani kwangu yapo makanisa matano. Niabudu wapi? Wapo pia wanaouliza kwa sababu mchumba ni wa dhehebu jingine, na wapo walioanza kuisoma Biblia wenyewe wakakuta jambo linalowasumbua katika mafundisho waliyokulia. Kwa aliyehama mji, mara nyingi linalohitajika ni usafiri na barua ya utambulisho tu. Anayesumbuliwa na fundisho ana kazi kubwa zaidi, na zaidi ya wote ndiye tunayemwandikia juma hili.

Paulo aliwaandikia Wakorintho: "Basi maana yangu ni hii, ya kwamba kila mtu wa kwenu husema, Mimi ni wa Paulo, na, Mimi ni wa Apolo, na, Mimi ni wa Kefa, na, Mimi ni wa Kristo. Je! Kristo amegawanyika?" Angalieni kwamba Paulo hamlaumu Apolo, mhubiri mwenzake. Katika sura ya 16 anasema alimsihi sana aende Korintho. Kosa lilikuwa la waumini waliojifunga kwa jina la mtu. Kwa hiyo jiulize kwanza: mchungaji huyu akihamishwa mwezi ujao, nitabaki? Wakatoliki, Walutheri na Wasabato huhamisha watumishi wao, na ibada ya kwanza ya mtumishi mpya huonyesha nani alikuwa akimfuata nani. Kwenye huduma binafsi mwanzilishi hahami. Huko swali hubadilika: ni nani ana mamlaka ya kumwonya huyu mtumishi akikosea, na je, amewahi kuonywa?

Inafaa pia kujua jinsi madhehebu yalivyotufikia, kwa sababu wengi tumerithi ramani ya wamisionari tukadhani tumerithi fundisho. Mwaka 1891 Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa wakagawana eneo: Wamoravian magharibi, wa Berlin mashariki. Ndiyo maana ukiwa Rungwe unakutana na Moravian na ukivuka kwenda Njombe unakutana na Walutheri. Uchagani walikuja Walutheri wa Leipzig mwaka 1893. Hata ndani ya dhehebu moja ramani inaonekana. Mwanglikana wa Masasi au Zanzibar alipokea imani kwa shirika la wamisionari la UMCA, akazoea ubani, kengele na padre aliyevaa kasula, lile joho la misa. Mwanglikana wa Dodoma aliipokea kwa shirika jingine, CMS, akazoea mimbari, Biblia na ibada isiyo na mapambo. Akihama huyu kwenda kwa yule, anaweza kudhani ameingia dini nyingine, kumbe kanisa ni lile lile. Usiache dhehebu kwa sababu ya ubani. Lakini pia usibaki mahali kwa sababu tu babu yako alizaliwa upande fulani wa mto.

Sasa tuje kwa watu wa Beroya, mji ambako Paulo alihubiri. Luka anasema walilipokea neno "kwa uelekevu wa moyo, wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Walipokea, kisha wakachunguza, na aliyechunguzwa ni mtume Paulo mwenyewe. Mchungaji anayekasirika ukimuuliza andiko lake liko wapi amejiweka juu ya Paulo.

Uchunguzi unahitaji muda. Tunashauri miezi mitatu, na ndani yake uhudhurie ibada ya kawaida isiyo na mgeni wala kongamano, ibada ya ubatizo, siku ya meza ya Bwana, na angalau kikao kimoja cha katikati ya juma. Ibada ya sikukuu haikufundishi mengi, kwani kwaya zimefanya mazoezi na viti vimepambwa. Omba pia maandishi ya imani yao uyasome nyumbani na Biblia mkononi. Walutheri wana Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, inayosomeka jioni moja. Wakatoliki wana Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Waanglikana wana vile vipengele 39 vya imani, na Wasabato wana misingi 28. Kanisa la Kipentekoste lililosajiliwa kwa kawaida lina tamko la imani ndani ya katiba yake. Ukiambiwa "sisi tunafuata Biblia tu, hatuna maandishi", usiridhike. Kila anayehubiri ana tafsiri yake, na isiyoandikwa inaweza kubadilika Jumapili hadi Jumapili bila mtu kuweza kuishika.

Uliza habari za ubatizo mapema, maana hapa ndipo wengi huumia baadaye. Swali lenyewe ni hili: "Ubatizo wangu mnautambua?" Kanisa Katoliki hutambua ubatizo wa Walutheri, Waanglikana na Wamoravian uliofanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Anayetoka huko habatizwi tena. Anafundishwa, anakiri imani na anapewa kipaimara. Wasabato, Wabaptisti na Wapentekoste walio wengi hawahesabu maji ya utotoni, hivyo aliyebatizwa akiwa mchanga atabatizwa kwa kuzamishwa baada ya kukiri mwenyewe. Yapo pia makundi yanayobatiza kwa jina la Yesu pekee kwa sababu yanakana Utatu. Hapo tofauti imevuka utaratibu wa maji na kufika kwenye Mungu ni nani. Wakatoliki hawautambui ubatizo huo, na makanisa mengine mengi pia. Kijana anaweza kuzamishwa kwa furaha ya siku moja kwenye semina, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa kukubali amekiri kuwa ubatizo wa kwanza, ulioshuhudiwa na wazazi na kanisa lake, haukuwa ubatizo. Labda ndivyo anavyoamini kweli baada ya kusoma. Basi na afanye hivyo akijua.

Meza ya Bwana nayo hufundisha bila maneno mengi. Kwa Mkatoliki, mkate na divai vinageuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, na kinachobaki huhifadhiwa kwa heshima katika tabernakulo, kisanduku kitakatifu kanisani. Asiye na ushirika na kanisa hilo kwa kawaida hapokei. Mlutheri anakiri mwili na damu ya kweli ndani ya mkate na divai, pamoja navyo na chini yake. Mbaptisti na Mpentekoste wengi husema ni ukumbusho. Wasabato hutanguliza kutawadhana miguu, wakitumia maji ya zabibu yasiyochachuka, kwa kawaida mara moja kila robo mwaka. Usisogee mezani ugenini kwa sababu tu safu yako imesimama. Muulize mzee wa kanisa kabla ya ibada. Ukikatazwa usione umedharauliwa. Wanaokukataza wanaichukua meza hiyo kwa uzito, na ukijiunga wataichukua kwa uzito ukiwa wewe ndani.

Anayevutwa na Usabato ahesabu gharama kabla ya kuingia majini. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, hivyo zamu za kazi na mitihani ya Jumamosi vizungumzwe na mwajiri au chuo mapema. Mezani nyumbani, nguruwe, kambale na kamba huondoka.

Kuhusu kuabudu kwa wiki nzima: mji una waumini wengi wanaohudhuria kwa miaka bila kujulikana na yeyote. Kwa Wakatoliki mlango wa kanisa uko kwenye jumuiya ndogondogo, zile kaya chache zinazokutana kwa zamu majumbani. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, paroko atauliza, "Jumuiya gani?" na atataka barua ya mwenyekiti wake. Walutheri nao wana jumuiya na wazee wa mitaa, pamoja na bahasha ya sadaka yenye namba yako. Msiba unapotokea usiku, familia isiyo na jumuiya huanza kupiga simu kwa watu wasioijua, na watoto wa marehemu hubaki na uchungu kwa kanisa zima. Mara nyingi marehemu mwenyewe alikuwa amekataa kuandikishwa kwa sababu alipenda kuingia saa tatu na kutoka saa tano. Kwa hiyo katika ile miezi mitatu nenda jumuiyani angalau mara moja. Ona kama wanasoma Neno, kama mgonjwa wa mtaa anatajwa kwa jina, na kama anayeishi chumba kimoja cha kupanga anapewa naye zamu ya kuwakaribisha wenzake.

Tazama fedha, wala usione haya. Kwenye sharika nyingi za Kilutheri katibu husoma kwenye matangazo mahudhurio na sadaka ya Jumapili iliyopita, na nje baada ya ibada kuna mnada wa mayai, kuku na mikungu ya ndizi iliyotolewa madhabahuni. Uwazi wa namna hiyo ni afya. Mahali pengine uliza: akaunti ni ya kanisa au ya mtu? Waweka saini ni wangapi, na wangapi kati yao ni wa familia moja? Taarifa ya mapato na matumizi husomwa lini mbele ya washirika? Ukikuta baraka ina bei, maji, mafuta, au kuonana na mtumishi ana kwa ana kwa kiasi fulani, ondoka. Petro alimwambia Simoni mchawi fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20), na hakumpunguzia neno hilo kwa sababu Simoni alikuwa ameshabatizwa.

Hapa tunasema kwa uchungu, kwa sababu watu wamekufa. Tarehe 1 Februari 2020 huko Moshi watu 20 walikanyagana hadi kufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 huko Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa zaidi ya maiti 400 za watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu, na watoto walikuwamo. Mtu akikuambia uache ARV, insulini au dawa za kifua kikuu kwa kuwa umeshapona kwa imani, usimalize ile miezi mitatu. Toka siku hiyo, na umwambie ndugu yako wa karibu. Vivyo hivyo ukiagizwa kukata mawasiliano na wazazi, kutoa mtoto shuleni, au kuuza kiwanja uhamie porini na kundi. Imani katika uponyaji ipo kwenye Maandiko na tunaishika. Aliyeponywa ukoma Yesu alimtuma kwa kuhani akajionyeshe (Luka 5:14). Nawe anayekuambia umepona akupeleke kwa daktari akapime.

Wachumba wa madhehebu mawili wasiliache jambo hili hadi kadi zichapishwe. Mkatoliki anayefunga ndoa na Mkristo asiye Mkatoliki anahitaji ruhusa ya askofu inayoombwa kupitia paroko, na anaahidi kufanya awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake anajulishwa ahadi hiyo waziwazi. Wakitaka kufungia kwa Walutheri au Waanglikana, Mkatoliki aombe pia ruhusa ya kutofuata utaratibu wa kanisa lake. Akiiruka, kanisa lake halitaihesabu ndoa kuwa halali, naye atakaa bila Komunyo hadi jambo lirekebishwe. Upande wa pili nao unaweza kuwa na marudi yake, hivyo waende wote wawili kwa wachungaji wote wawili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, lakini ruhusa za kanisa na mafundisho ya ndoa huchukua muda zaidi. Anzeni miezi sita kabla. Na lile swali la watoto watabatizwa wapi lijibiwe wakati wa uchumba, mkiwa mmekaa wawili, kabla mama wakwe hawajafika na majibu yao.

Ukishapima na kuomba, ukaona ni lazima kuhama, hama kwa adabu. Mwendee mchungaji au katekista wako umweleze andiko lililokusukuma, na umsikilize, maana huenda ana jibu ambalo hukuwahi kulipata. Rudisha funguo, daftari la kwaya na fedha za kikundi, na jukumu lako likabidhiwe kwa maandishi. Omba cheti cha ubatizo na barua. Cheti kikipotea, taarifa zako zimo kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia au usharika ulikobatizwa. Peleka majina ya wazazi na wa ubatizo, mwaka, na jina la kigango au mtaa, kwani parokia nyingi zimegawanywa na kitabu kinaweza kuwa kilibaki kwenye parokia mama. Kwa Msabato anayehamia kanisa jingine la Kisabato, barua ya ushirika huombwa na kanisa linalokupokea, na jina lako hupitishwa kwa kura za washirika. Usitangaze kuhama kwako kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kabla mchungaji hajasikia kutoka kinywani mwako, na usimchukue mwenzako wa jumuiya uende naye. Kama andiko litamsukuma naye, atakwenda kwa mchungaji kwa miguu yake.