Handaki la Madina na watu waliosikilizwa

Usiku huu nimerudia habari za Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, yaani 627. Kila nikizisoma huishia kumfikiria Salman al-Farisi. Mtu wa mbali, ametoka utumwani majuzi tu, hana kabila Madina la kumsemea. Waarabu wa Hijazi walizoea kukutana na adui uwanjani, na huyu anasema kwao Uajemi wakihofia wapanda farasi huchimba handaki. Mtume (s.a.w.) akalikubali.

Makuraishi wa Makka na washirika wao walikuwa wakija kama 10,000. Waislamu hawakuzidi 3,000. Mashariki na magharibi mwa Madina kumetanda mawe makali ya volkano, farasi hapiti. Kusini ni mitende na nyumba zilizobanana. Palipobaki wazi ni kaskazini, na hapo ndipo walipochimba, Mlima Sal' ukiwa mgongoni mwao, kwa njaa na baridi, Mtume mwenyewe akibeba udongo.

Wengi hupenda kusimulia Ali alivyomwangusha Amr ibn Abd Wudd, shujaa wa Makuraishi aliyelivuka handaki. Mimi hunigusa zaidi zile siku za kungoja, adui akiwazingira ng'ambo ya handaki. Miaka miwili kabla, kwenye vita vya Uhud, wapiga mishale waliacha kilima chao, na Khalid ibn al-Walid, wakati huo bado yuko na Makka, akawazunguka kwa nyuma. Safari hii watu walikaa kwenye zamu zao. Naamini kukaa vile kunataka moyo kuliko kukimbilia upanga.

Na kuna kisa kisichosimuliwa sana. Mtume alifikiria kuwapa Ghatafan, kabila lililokuja pamoja na Makuraishi, theluthi ya tende za Madina ili wajitoe. Akawataka shauri Saad ibn Muadh na Saad ibn Ubada, viongozi wa watu wa Madina. Wakauliza: ni amri ya Mwenyezi Mungu, au unatuonea huruma? Alipowaambia ni kwa ajili yao, wakakataa: hata zama za ujahilia, kabla ya Uislamu, watu hawa hawakuonja tende zetu ila kwa kununua au kwa kukaribishwa. Akaliacha. Jemadari aliyezingirwa, na bado anakubali kuambiwa hapana!

Mwishowe Nuaim ibn Masud, mtu wa Ghatafan aliyesilimu kwa siri, akawatia shaka washirika wale, kila upande ukimwogopa mwenzake. Ukaja upepo mkali wa baridi, mahema yakang'oka, Abu Sufyan, kiongozi wa Makuraishi, akaondoka na watu wake. Yaliyowapata Banu Quraydha, kabila la Kiyahudi la Madina lililojiunga na washirika wale, baada ya hapo ni mazito. Nitayaandika peke yake.