Gettysburg na Picha ya Kupanga

Kuingia uwanja wa vita wa Gettysburg, Marekani, walikopigana Kaskazini na Kusini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, ni bure, ila makumbusho yana tiketi yake, na mkate wenye kipande cha nyama ulikula hela ambayo Dar ningenunulia kuku mzima. Shangazi aliyenileta kutoka Baltimore alibaki garini akililaani jua la Julai.

Mimi nilifuata picha moja. Julai 1863, siku chache baada ya mapigano, mpiga picha Alexander Gardner alifika hapa na wenzake wakiwa na gari la farasi lenye chumba cha giza. Enzi hizo picha ilipigwa kwenye kioo: kilipakwa kolodioni, dawa ya kunata, kikachovywa kwenye nitrati ya fedha, kikapigwa na kusafishwa kikiwa bado kibichi, dakika kama kumi tu. Aliyetikisika alitoka ukungu. Maiti hatikisiki.

Pale Devil's Den, sehemu ya majabali uwanjani humo, katikati ya majabali mawili, pana kiukuta cha mawe. Ndipo alipolazwa kijana wa jeshi la Kusini, bunduki imeegemezwa ukutani. Gardner alieleza kwamba ni mdunguaji aliyefia maskani yake. Karibu karne nzima ikapita ndipo watu wakalinganisha picha zake: maiti yuleyule alipigwa kwanza mteremkoni, kisha akabebwa makumi ya mita hadi kwenye mawe. Hata bunduki si ya wadunguaji.

Nilikuwa nimesimama na hasira zangu, mara ikabidi nipishe. Mtoto alijilaza palepale, akafumba macho, baba yake akampiga picha. Akafuata mwingine. Jamaa mmoja akaniuliza kama na mimi nataka kupigwa. Kulala mahali pa maiti? Huko ni kujiitia. Nikamshukuru, nikaondoka.

Makaburini, pale Rais Lincoln alipohutubia kwa dakika kama mbili hivi Novemba ileile, wanajeshi wa Kaskazini wasiojulikana wana vijiwe vya marumaru vyenye namba tu. Nilivionea wivu. Sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, Dar, inaahidi kwamba ukiifia nchi yako wanao watalikumbuka jina lako, lakini jina lenyewe huoni hata moja. Na wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita ya 1914 hadi 1918, wengi wao hata namba hawakupata.

Babu yake mama alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Picha yake hatuna. Ningeipokea hata ya kupanga.